Viza Imeisha, Je, Mtihani wa Uuguzi Nao Umekwisha?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa nne na wa sita, madarasa ya uuguzi yanapohitimu, dawati letu la ushauri wa wanafunzi wa kigeni hapa Marekani huletewa swali moja zaidi ya mengine yote. Safari hii alilileta binti wa Tanga. Aliingia, akaniamkia, kisha hata kabla hajakaa akafungua pasipoti kwenye ukurasa wa viza na kuweka kidole juu ya tarehe. "Mama, viza yangu imeisha tangu Februari. Ina maana siwezi tena kufanya NCLEX?" Alikuwa hajalala siku mbili. Kule nyumbani jirani alikwisha mwambia mama yake kwamba mtoto atarudishwa mikono mitupu.

Anaweza kuufanya. Nataka wazazi nao walisikie hili, kwa sababu hofu ya namna hii imewafanya vijana wazuri kuacha mtihani ambao wangeufaulu.

NCLEX ndio mtihani wa leseni ambao muuguzi aliyesajiliwa hana njia ya kuukwepa nchini Marekani. Anayekuruhusu kuufanya ni bodi ya uuguzi ya jimbo unaloomba leseni. Idara ya uhamiaji haimo kwenye uamuzi huo. Bodi inataka kujua kama chuo chako kimeidhinishwa, kama umehitimu kweli, kama rekodi yako ya jinai ni safi, na kama umelipa ada. Kukaa mbele ya kompyuta kujibu maswali 85 hadi 150 si ajira, kwa hiyo hakuhitaji kibali cha kazi. Wapo wauguzi wanaoingia Marekani kwa viza ya matembezi, wanafanya mtihani, wanarudi kwao.

Halafu kuna viza na kuna hadhi, vitu viwili ambavyo watu wetu huvichanganya kila siku. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ya kubishia hodi mpakani. Ukishapokewa ndani, kinachokuweka kihalali ni hadhi yako ya mwanafunzi: fomu ya I-20 iliyo hai, ile unayopewa na chuo, rekodi ya kuingia nchini ya I-94, na masomo unayohudhuria kama inavyotakiwa. Viza inaweza kuisha ukiwa darasani na hadhi yako isiguswe. Tarehe ile itakubana siku utakapotoka nje ya nchi, maana kurudi kutakudai viza mpya. Binti huyu alikuwa amepanga kwenda Tanga mwezi wa sita kwenye harusi ya kaka yake. Hapo ndipo nilipomshika mkono. Mtihani ulikuwa salama, safari ndiyo ilikuwa ya hatari.

Nikamwomba anionyeshe na ile barua ya ruhusa ya mtihani, ATT kama tunavyoiita. Tukaiweka kando ya pasipoti na kusoma herufi moja moja. Pasipoti ilisema Mohamed, barua ikasema Mohammed, m mbili. Mwenyewe hakuwahi kuona, kwani chuo kilimwandikisha hivyo tangu mwaka wa kwanza. Kwenye mlango wa kituo cha mtihani jina la barua na jina la kitambulisho lazima yafanane, na kitambulisho kisiwe kimepita muda. Anayerudishwa mlangoni hupoteza ada yake ya dola 200 na kujisajili upya. Kwa majina yetu ya baba na babu, ambayo kila ofisi huyapanga inavyotaka, kosa hili ni la kawaida kuliko tatizo lolote la viza. Angalia jina lako kabla hujaomba. Pasipoti nayo ianze kushughulikiwa ubalozini mapema; haitengenezwi kwa wiki moja.

Kinachowakwamisha wengi zaidi ni namba ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, majimbo yanatakiwa kurekodi namba hiyo kwa waombaji wa leseni za taaluma, na kila jimbo lina namna yake ya kuitekeleza. Mengine yanakuacha ufanye mtihani kisha yanashikilia leseni mpaka ulete namba. California, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2014, inapokea namba ya mlipakodi ya ITIN badala yake. Ila ile leseni inayokuruhusu kufanya kazi katika majimbo mengi yenye mkataba wa pamoja wa leseni haitolewi bila namba ya Social Security. Na mwanafunzi wa F-1, yaani mwenye hadhi ya mwanafunzi wa kigeni, hapewi namba hiyo kwa kuomba tu; lazima awe na kazi inayoruhusiwa. Ndiyo maana ninawasihi wanafunzi wa mwaka wa pili: tafuteni kazi ndogo ndani ya chuo, maktaba, mapokezi, jikoni, hata ya saa nne kwa wiki. Sheria inaruhusu hadi saa 20 wakati wa masomo. Barua ya kazi hiyo, pamoja na barua ya ofisi yetu, ndiyo inayokufungulia dirisha la Social Security. Ukingoja hadi mwezi wa kuhitimu, utaona wenzako wanaanza kazi wewe bado uko kwenye foleni.

Sasa kuhusu OPT, ule mwaka mmoja wa kufanya kazi ya taaluma yako baada ya kuhitimu. Maombi yanaweza kutumwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baadaye, na tarehe ya kuanza unaichagua mwenyewe ndani ya siku hizo 60. Wengi huandika ya karibu kabisa kwa furaha ya kumaliza. Wanasahau kwamba OPT ikishaanza wana siku 90 tu za kukaa bila ajira, na hakuna hospitali itakayowapa wagonjwa bila leseni. Ukifeli NCLEX mara moja utangoja siku 45 kabla ya kurudia. Nusu ya siku zako zimekwisha, bado hujaomba kazi hata moja. Kwa hiyo ipange tarehe ya mtihani kwanza, ndipo uchague ya OPT. Uuguzi haumo kwenye orodha ya fani za sayansi zinazoongezewa miezi 24, kwa hiyo mwaka ukiisha umeisha. Mwajiri anayetaka kukuombea ukaazi wa kudumu aanze mapema, na ujue kwamba cheti cha VisaScreen, kile cha kuhakiki sifa za muuguzi wa kigeni, utadaiwa hata kama ulisomea hapahapa Marekani.

Linaloniuma ni wale waliopoteza hadhi. Ada ilishinda, wakapunguza masomo bila ruhusa, au wakaingia zamu za usiku kwenye nyumba za wazee kwa namba ya mtu mwingine. Mwanangu, namba ya kuazima usiiandike kamwe kwenye fomu ya bodi. Fomu ile unathibitisha kwamba uliyoandika ni kweli, na bodi huweza kusamehe mengi kuliko udanganyifu. Ombi la kurudishiwa hadhi linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi mitano tangu uipoteze, kwa hiyo usijifiche. Yapo majimbo yasiyotoa leseni kwa asiye na hadhi, na yapo yaliyobadilisha sheria zao. Mweleze hali yako mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, usimweleze wakala wa mtaani anayetaka fedha taslimu.

Hata ukilazimika kurudi nyumbani, shahada yako hainyang'anywi. Chuo kitatuma uthibitisho wa kuhitimu kwa bodi, na mtihani una vituo nje ya Marekani. Wenzetu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiufanyia Johannesburg kwa ada ya ziada ya dola 150. Angalia tu muda wa mwisho uliowekwa na jimbo lako. Texas inataka uwe umefaulu ndani ya miaka minne tangu kuhitimu. Florida, ukipitisha miezi sita bila kuufanya, inakudai kwanza kozi ya maandalizi.

Yule binti aliandikia bodi yake siku ileile, jina likarekebishwa, barua mpya ikaja kabla ya siku ya mtihani. Harusi ataitazama kwenye simu. Wewe unayekuja wiki hii, njoo na pasipoti, I-20 na barua ya bodi kwa pamoja, tuvilaze mezani tuvisome herufi kwa herufi.