Armstrong, mtu aliyetuachia FM

Ukiuliza watu nani alileta redio wengi watakwambia Marconi, sawa hakuna ubishi, ila sisi tunaofungua redio na kuzirekebisha kila siku mkono tunaoukuta mle ndani ni wa mtu mwingine kabisa, Edwin Howard Armstrong, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1890.

Kazi yake ya kwanza aliifanya 1912 akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Valvu ya Mmarekani Lee de Forest, yaani ile taa ya kioo ya kunasa na kukuza mawimbi, ilikuwepo tangu 1906 ila hata mwenyewe hakuielewa vizuri inavyofanya kazi, Armstrong akakaa nayo akapima, halafu akachukua sehemu ya mawimbi yaliyokwisha kukuzwa akayarudisha mwanzo wa saketi yakuzwe tena na tena, na stesheni za mbali ambazo zilikuwa hazisikiki zikaanza kusikika.

Mwaka 1918 yuko Paris na jeshi akaja na superheterodaini. Redio za dukani karibu zote za zamani zimejengwa hivi: ukitafuta stesheni ya megahezi 93.7, redio yenyewe inatengeneza mawimbi yake ya 104.4, inachanganya hayo mawili, inapatikana tofauti ya 10.7, na hiyo 10.7 haibadiliki hata ukihamia stesheni gani, kwa hiyo fundi anatengeneza saketi za kukuza na kuchuja kwa masafa hayo hayo tu basi (masafa ni mawimbi yanatetemeka mara ngapi kwa sekunde). Kwa haki tuseme Mfaransa Lucien Lévy naye alikuwa na wazo hilo na alishaliandikisha kabla yake, lakini Armstrong ndiye aliyelifanya likafanya kazi sawasawa.

Sasa FM, na kwangu mimi hii ndiyo kubwa kuliko zote. Wakati ule redio zote zilikuwa AM, yaani sauti inabebwa na nguvu ya mawimbi kupanda na kushuka, na radi au mota ya umeme nayo inachezea nguvu hiyo hiyo, ndo maana AM inakwaruza mvua ikianza. FM inabeba sauti kwa kubadilisha masafa. Wazo la FM lilikuwepo, ila mhandisi wa Marekani John Carson alishaonyesha kwa hesabu 1922 kwamba haipunguzi nafasi ya masafa ambayo stesheni inakalia, kwa hiyo wahandisi wakaiacha. Armstrong yeye akaenda kinyume, badala ya kubana akapanua, na leo masafa ya stesheni ya FM yanacheza mpaka kilohezi 75 kila upande. Mchezo ukiwa mpana namna hiyo kelele inayobaki inakuwa ndogo sana mbele ya sauti, na ile inayogusa nguvu ya mawimbi redio inaikata tu. Hataza zake, yaani hati za kumlinda mvumbuzi, zilitoka Desemba 1933, mwaka uliofuata akafunga transmita juu ya Empire State Building, na zaidi ya kilomita 100 kutoka pale sauti ikafika safi.

Hapo ndipo tabu ilipoanza jamani. RCA, kampuni kubwa ya redio ya Marekani iliyoongozwa na David Sarnoff, rafiki wa Armstrong wa siku nyingi, ilikuwa imeweka akili kwenye televisheni, si FM. Mwaka 1945 serikali ya Marekani ikahamisha FM kutoka megahezi 42 hadi 50 ikaipeleka 88 hadi 108, zile zile tunazozijua hadi leo huku kwetu, na redio zote za FM walizokuwa wameshanunua watu zikawa hazina maana. 1948 Armstrong akaishtaki RCA kwa kutumia hataza zake bila kumlipa, kesi ikavutwa miaka, hela zikaisha, na Januari 31, 1954 akajitupa kutoka ghorofani New York.

Mkewe Marion, ambaye zamani alikuwa sekretari wa Sarnoff, hakukubali yaishie pale. RCA wakamlipa takriban dola milioni moja mwaka huo huo, halafu akaendelea na kampuni nyingine moja baada ya moja, na ya mwisho ambayo ni Motorola akaishinda 1967.