Unataka kununua mali ya mirathi? Anzia mahakamani

Parachichi limeyapandisha thamani mashamba ya Njombe na Rungwe, na wengi wanaokuja kutuuliza wana swali moja: wapi nitapata shamba la urithi kwa bei nafuu, ambalo warithi wako mjini na hawana mpango wa kulima? Yapo. Zipo pia nyumba za zamani za Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, ambazo watoto wameshahamia Dar es Salaam na Dodoma. Ila mara nyingi bei imeshuka kwa sababu karatasi hazijakaa sawa, na mnunuzi asipolijua hilo mapema atalijua akiwa ameshalipa.

Kabla ya dalali, pita Mahakama ya Mwanzo. Maombi ya usimamizi wa mirathi hutangazwa, na tangazo lililobandikwa ubaoni anaweza kulisoma yeyote. Wenyeviti wa mitaa na vijiji nao huzijua familia zinazotafuta mnunuzi. Tafadhali tu, usiende kupiga bei matanga hayajaanuliwa. Achilia mbali adabu, siku hizo hakuna mwenye mamlaka ya kukuuzia.

Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Watu hutuletea muhtasari wa kikao cha ukoo, una muhuri wa mtendaji na saini zimejaa hadi pembeni, wakiamini hiyo ndiyo ruhusa ya kuuza. Siyo. Ukoo unapendekeza jina, mahakama ndiyo inayoteua. Dai Fomu Namba IV, ambayo Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi, na ulinganishe jina la marehemu na lile lililo kwenye hati, herufi kwa herufi.

Kisha chukua namba ya shauri uende kwa karani. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Namba V ndani ya miezi 4, kisha hesabu ya mirathi kwa Fomu Namba VI kwa muda ambao mahakama itapanga. Je, nyumba unayoitaka imo kwenye orodha? Na je, jalada limefungwa? Kama limefungwa, muuzaji ni mrithi aliyegawiwa, wala si msimamizi tena. Kama bado liko wazi, msimamizi anaweza kuuza, lakini mimi nisingetoa hata shilingi kabla warithi wote walio watu wazima hawajasaini kuwa wameridhia, hasa mjane. Zungumza naye mwenyewe, shemeji zake wasiwepo.

Kwa ardhi yenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani ya benki au zuio. Hati ikiwa bado na jina la marehemu, msimamizi asajiliwe kwanza kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, ndipo uhamisho wa kuja kwako ufuate. Wengi huruka hatua hii kukwepa gharama.

Shamba la kijijini lina mambo yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie, na saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Mufindi, uliza miti ni ya nani: inawezekana marehemu aliuza misindano ikiwa bado imesimama, na mfanyabiashara wa mbao ana mkataba wake mkononi. Rungwe, tembea mpaka nyuma ya migomba, maana huko familia huzika nyumbani. Ukikuta makaburi, mpimaji ayatenge nje ya eneo unalonunua, na njia ya ndugu kuyafikia iandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.