Komoni loo si mila za Waingereza

Mara nyingi mjadala wa sheria unapozuka, komoni loo huelezwa kuwa ni sheria ya kimila ya Waingereza, ambayo baadaye Bunge lilikuja kuiwekea maandishi. Lakini komoni loo (common law) ni sheria iliyojengwa na hukumu za mahakama za mfalme, ikatumika kwa namna moja katika ufalme mzima wa Uingereza.

Uzito umo katika huo ufalme mzima. Awali mashauri mengi yaliamuliwa katika mabaraza ya mahali na ya mabwana wenye ardhi, kila baraza likifuata desturi zake. Mfalme Henry wa Pili, aliyetawala kuanzia 1154 hadi 1189, aliwatuma majaji wake kuzunguka nchi kwa utaratibu. Na kwa amri iliyotolewa Clarendon mwaka 1166, watu 12 wa kila tarafa walitakiwa kuwataja kwa kiapo wote waliotuhumiwa kwa uuaji na wizi. Mwenye mgogoro wa ardhi naye aliweza kulipia hati ya mfalme iliyomfikisha mbele ya majaji hao. Majaji hao walichukua mengi kutoka katika desturi walizozikuta, hilo halina ubishi, lakini kazi yao ilizipunguzia desturi hizo nguvu badala ya kuzihifadhi.

Wala si kweli kwamba maandishi yalikuja nyuma. Æthelberht, mfalme wa Kent huko Uingereza, alitoa sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kale mwanzoni mwa karne ya 7, nyingi zikipanga fidia za majeraha, zaidi ya miaka 500 kabla ya Henry. Baadaye sheria za kutungwa zilikua sambamba na hukumu: ile ya 1290 ya Mfalme Edward wa Kwanza, iliyomruhusu mwenye ardhi kuiuza kwa sharti kwamba mnunuzi ashike nafasi yake mbele ya bwana yule yule aliyekuwa juu ya muuzaji, ingali inatumika Uingereza.

Sheria za Kenya na Tanzania zilizopokea komoni loo, kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897 kwa Kenya na 22 Julai 1920 kwa Tanzania, zinaitaja kando ya sheria za Bunge la Uingereza, na sheria za kimila za wenyeji zina mahali pake pengine. Kwa hiyo anayeandika kwamba mahakama zetu hufuata mila za Waingereza ingefaa aandike kwamba hufuata, pale sheria zetu zinaporuhusu, kanuni zilizotokana na hukumu za majaji wa Uingereza.