Ufa Uulizwe Kabla ya Kuzibwa: Dhana Potofu Kuhusu Kununua Nyumba ya Zamani

Siku ya kwanza mnunuzi huangalia vyumba, ua na jinsi mwanga unavyoingia sebuleni. Siku ya pili, bei ikiwa imeshakaribiana, ndipo anapouona: mstari ulioanzia kwenye pembe ya dirisha ukapanda mshazari hadi karibu na dari. Dalali anasema hiyo ni plasta tu. Mwenye nyumba anasema ufa huo yeye aliukuta. Ndugu aliyemsindikiza anamvuta pembeni na kumwambia akimbie.

Wote watatu wanasema kwa uhakika, na hakuna aliyeuliza lile la muhimu: ukuta huu bado unasogea? Na kama unasogea, kinachousogeza ni nini? Watu huweka akiba ya miaka mingi kwenye nyumba kwa kutegemea majibu mepesi ya namna hii. Nimeyakusanya yale ninayoyasikia mara nyingi zaidi, na chini ya kila moja nimeweka ukweli wake.

"Nyumba yenye nyufa itaanguka"

Dhana hii ina pacha wake, "kila nyumba ina nyufa", na zote mbili humzuia mtu asiutazame ufa wenyewe.

Plasta hukauka na kusinyaa, ikaacha nyufa nyembamba zilizotapakaa kama mistari ya ramani. Hizo haziuhusu ukuta ulio nyuma yake. Wahandisi wa Uingereza wana mizani wanayoitumia sana kupima uharibifu kwa upana wa ufa: hadi milimita 1 ni jambo la kufunikwa na rangi, hadi milimita 5 bado ni la sura zaidi kuliko uimara, kati ya 5 na 15 ukuta unahitaji kufumuliwa na kurekebishwa na mwashi, na kwa kawaida milango na madirisha huwa yameanza kukwama, kati ya 15 na 25 kuna sehemu za ukuta za kubomolewa na kujengwa upya, zaidi ya 25 nyumba inaweza kuhitaji kujengwa upya, sehemu au yote. Kama huna kipimo, kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Ikiingia kwenye ufa bila kusukumwa, huo si unywele tena.

Hata hivyo upana peke yake hautoshi. Tazama ufa unakoelekea. Ukishuka kama ngazi ukifuata maungio ya matofali, au ukitoka mshazari kwenye pembe za milango na madirisha, huenda sehemu moja ya msingi imeshuka kuliko nyingine. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi upande mmoja wa nyumba unadidimia na kujitenga. Ufa wa mlalo katikati ya ukuta unaozuia udongo una maana yake: udongo unausukuma, na huo usiucheleweshe hata wiki. Kisha zunguka nje. Ufa unaoonekana ndani na nje mahali palepale umepenya ukuta mzima.

Ufa ulio palepale chumba kipya kilipoungwa na nyumba ya kale ni habari nyingine. Misingi miwili ya umri tofauti na kina tofauti haishuki pamoja, na mara nyingi maungio hayo hupasuka bila nyumba yenyewe kuwa na ugonjwa.

"Imesimama miaka hamsini, imeshatulia"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Nyumba mpya hushuka kidogo kwa uzito wake, na sehemu kubwa ya kushuka huko hutokea miaka ya mwanzo. Lakini ardhi haina habari na umri wa nyumba. Kinachobadilika chini ya msingi leo kitaisogeza leo, hata kama nyumba ilijengwa na babu wa muuzaji.

Mnara wa Pisa ulioinama, kule Italia, ulianza kujengwa mwaka 1173. Ulianza kuinama ungali unajengwa, kwa sababu udongo wa upande mmoja ni laini zaidi. Miaka 800 baadaye ulikuwa bado unaendelea: kilele chake kilikuwa kinasogea zaidi ya milimita moja kila mwaka, hadi mwaka 1990 ukafungwa usipandwe na wageni. Karne nane hazikutosha kuutuliza.

Nyumba ya kawaida ina mambo yake. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kwa misimu. Ukame mkali kuliko uliozoeleka unaweza kufungua ufa ambao haukuwepo miaka arobaini. Mti mkubwa karibu na ukuta hunyonya maji ya udongo huo, na msingi ukashuka upande wa mti. Hapo wengi hushika shoka, na shoka nalo lina hatari yake: mti ukikatwa, udongo hurudisha maji polepole, pengine kwa miaka, ukavimba na kuuinua msingi. Kabla ya kuukata, aulizwe mhandisi.

Bomba la majitaka lililopasuka chini ya sakafu huosha chembe ndogo za udongo na kuacha uwazi chini ya msingi. Mfereji wa paa uliovunjika humwaga maji yote ya mvua kwenye kona moja ya msingi, mvua baada ya mvua. Kasoro ya aina hii inaweza kuwa habari njema kwa mnunuzi. Chanzo kinaonekana, kinazibika, na baada ya kuzibwa nyumba nyingi huacha kusogea bila msingi kuguswa.

Halafu kuna yale ambayo binadamu ameyafanya: ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi uliokusudiwa kubeba nyumba ya chini tu, mabati yaliyoondolewa na kuwekwa vigae vizito juu ya kenchi zilezile, ukuta uliobomolewa ili sebule iwe kubwa. Kwa huo wa mwisho, simama chini ukatazame juu. Kama kuna ukuta ghorofani na chini yake hakuna ukuta wala boriti, uliza mzigo ule unabebwa na nini. Uliza pia michoro ya nyumba, uilinganishe na unachokiona.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, basi tuuzibe"

Wazee walisema kweli kuhusu kuchelewa. Ila kwenye nyumba inayouzwa methali hii hutumiwa kufanya kazi isiyo yake: ufa hujazwa saruji, ukapigwa rangi, na mnunuzi akafika mahali pakavu panapong'aa. Ufa uliozibwa bila chanzo kujulikana hufunguka tena palepale au jirani yake, na wakati huo nyumba ni yako.

Pisa inatufundisha hapa pia. Mwaka 1934 wahandisi walitoboa matundu kwenye msingi wa mnara na kusukuma saruji ndani ili kuuimarisha. Mnara ukazidi kuinama. Dawa iliyofaa ilipatikana miaka ya 1990 baada ya ardhi yenyewe kuchunguzwa kwa muda mrefu: udongo ulitolewa kidogo kidogo chini ya upande ule ulioinuka, mnara ukarudi nyuma kiasi, na mwaka 2001 ukafunguliwa tena. Kwa hiyo mtu akikwambia "tutamwaga zege pale, kwisha", muulize amejuaje kwamba tatizo ni uhaba wa zege.

Rangi mpya si kosa. Kila muuzaji hupendezesha nyumba yake. Wasiwasi uanze pale ukuta mmoja tu umepakwa, au kabati zito limesukumwa kwenye kona isiyo na sababu. Chukua tochi, uilaze ubavuni mwa ukuta badala ya kuumulika usoni. Mwanga wa ubavuni huonyesha mabaka, mafundo na mistari iliyojazwa ambayo taa ya dari haiioni. Weka pima maji sakafuni na timazi kwenye pembe za kuta. Fungua na kufunga kila mlango, na utazame juu ya milango kama kuna iliyorandwa mshazari ili ifungike.

"Nyumba ya zege haiozi"

Zege huilinda nondo kwa sababu lina ualikali mwingi, yaani hali iliyo kinyume cha asidi. Chuma kilichomo hakipati kutu kirahisi. Ulinzi huo hupungua na miaka. Hewa ya ukaa hupenya taratibu na kuuondoa ualikali, na chumvi ya baharini, au ya mchanga usiooshwa, hushambulia chuma moja kwa moja. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, ikalipasua zege kutoka ndani. Mnunuzi huona mstari wa kahawia chini ya boriti, kisha zege linalobanduka, kisha nondo zenyewe.

Gonga nguzo na slabu kwa nyundo ndogo. Zege zima hujibu kwa sauti kali. Lililoachana hulia kama debe tupu. Kuziba mahali hapo kwa plasta bila kusafisha nondo ni kuificha kutu iendelee na kazi. Na swali linabaki lilelile: maji yaliingia wapi? Jengo la ghorofa la Champlain Towers South huko Surfside, Marekani, lililokamilika mwaka 1981, lilikuwa na ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 iliyoeleza kwamba tabaka la kuzuia maji lilikuwa limeshindwa na zege la chini yake limeharibika sana. Juni 2021 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu 98 wakafa. Wachunguzi walikuwa na mengi ya kuchambua kuhusu anguko lile, lakini ripoti ilikuwa imeandikwa na maji yalikuwa yametajwa.

"Unyevu ni wa rangi, si wa nyumba"

Doa la unyevu lina chanzo, na urefu wake husaidia kukitambua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huishia mara nyingi karibu mita moja, ukiacha mstari wa chumvi nyeupe na plasta inayomung'unyika. Doa la juu zaidi lina uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye paa, mfereji au bomba.

Nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe na chokaa zilikusudiwa zipumue. Maji yaliyoingia yalitoka kupitia chokaa hiyo. Zikifunikwa plasta ngumu ya saruji, maji hunaswa ndani na ukuta huoza kimyakimya nyuma ya uso mzuri. Tiba yake mara nyingi ni kuiondoa saruji ile, na inaumiza, maana mwenye nyumba huiona kama uboreshaji aliougharimia.

Mbao zinazobaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 au hivi huanza kuliwa na ukungu, na mchwa hupenda palepale penye maji. Panda darini. Chomachoma ncha za kenchi zinazokalia ukuta kwa bisibisi. Mbao nzima huipinga, iliyooza huipokea. Njia za udongo zilizopanda ukutani kama mishipa ni barabara za mchwa, hata zikiwa kavu.

"Mthamini wa benki ameshakagua"

Hapana. Mthamini huiambia benki nyumba itauzika kwa kiasi gani deni lisipolipwa. Hakutumwa kukagua msingi kwa niaba yako. Bima nayo isitegemewe: bima nyingi za nyumba hazilipi uharibifu uliokuwepo kabla ya mkataba, wala ule unaokuja polepole.

Fundi wako mwashi huenda akaona mengi, na maoni yake yana thamani. Ila anayesubiri kulipwa kwa matengenezo asiwe ndiye peke yake anayeamua kama yanahitajika. Kwa ufa unaotilia shaka, tafuta mhandisi wa miundo asiye na faida katika mauziano wala katika ukarabati.

"Kasoro ikipatikana, biashara imekufa"

Wanunuzi wengi hawaagizi ukaguzi kwa kuogopa jibu, au kwa kuona haya kumuudhi mwenye nyumba. Kasoro iliyojulikana ina gharama, na gharama huzungumzwa: bei hupunguzwa, muuzaji hurekebisha kabla ya kukabidhi, au sehemu ya fedha huzuiwa hadi kazi iishe. Nyumba yenye ufa wa milimita 4 uliosababishwa na mfereji mbovu inaweza kuwa ununuzi bora kuliko jirani yake iliyopakwa rangi jana. Kuondoka nako ni haki yako, mradi hujatoa arubuni isiyorudi. Sheria za muuzaji kuficha kasoro hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo sharti la ukaguzi liandikwe kwenye mkataba kabla ya saini na kabla ya fedha.

Jambo moja huwashangaza wengi: ripoti inaweza kurudi imejaa "huenda" na "ichunguzwe zaidi". Si kwamba mhandisi anakwepa. Ziara moja humwonyesha nyumba ilivyo siku hiyo. Kujua kama inasogea kunahitaji muda, wakati mwingine mwaka mzima ili misimu yote ipite. Alama huwekwa pande mbili za ufa, umbali ukapimwa na tarehe ikaandikwa, kisha ukapimwa tena. Kama huna mwaka wa kusubiri, omba shimo la majaribio lichimbwe kando ya msingi, kina na udongo vionekane, na bomba la majitaka lipitishwe kamera. Vyote viwili vinahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Iombe kwa maandishi, utaje nani atakayelifukia shimo, na uache nafasi ya kutosha kabla ya siku ya saini.