Kiungo cha gundi kwenye fremu ya kaboni

Chuma huungwa kwa kuchomelewa. Mrija wa kaboni ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa na epoksi, plastiki inayochanganywa ikiwa maji ikaganda ngumu; ukitiwa moto epoksi hiyo huungua, basi tena. Kwa hiyo huungwa kwa gundi ya epoksi, na fremu ikiachia, mara nyingi huachia hapo, mrija wenyewe ukiwa mzima.

Ziko njia mbili. Ya kwanza, mrija huingizwa ndani ya soketi, yaani kipande chenye tundu la kupokea ncha yake, milimita 25 hadi 40. Ya pili, ncha hukatwa kwa mviringo ikumbatie mrija mwenzake, hubandikwa, pembe ikajazwa epoksi nzito ili nyuzi zisikunjwe kwa kona kali, kisha huvishwa kitambaa cha kaboni kilicholazwa nyuzi zikiwa digrii 45 kwa mrija. Kila safu iipite ya chini yake kidogo, kingo zisiishie mahali pamoja.

Kazi kubwa ni usafi. Piga msasa namba 120 mpaka mng'ao uishe, bila kufikia nyuzi, na barakoa usoni kwa sababu ya vumbi. Futa kwa asetoni na kitambaa kipya. Tone la maji likitandaa, uso uko tayari. Likijikusanya kama kwenye jani la mgomba, kuna mafuta bado. Ukishapasafisha usipaguse kwa mkono.

Kwenye soketi, gundi inataka nafasi ya milimita 0.1 hadi 0.3. Ikibana sana, gundi yote hukwanguliwa wakati wa kuingiza. Mshipi mwembamba wa kuvulia, wa milimita 0.2, ukizungushwa mara mbili tatu kwenye ncha, huuweka mrija katikati. Soketi iliyozibwa mwisho itobolewe tundu dogo, la sivyo hewa iliyonaswa itaisukuma gundi nje.

Mafundi wa boti za faibaglasi hapa Malindi nusu ya kazi hii wanaijua tayari. Ila resini yao ya poliesta isitumike: haishiki vizuri kwenye kaboni iliyokwisha kukauka.

Soketi ya alumini ina adui wake, chumvi. Kaboni hupitisha umeme, na unyevu wa bahari ukipenya kati ya viwili hivyo, alumini huliwa, ikatoa unga mweupe unaovimba na kuing'oa gundi. Dawa yake ni safu moja nyembamba ya kitambaa cha faibaglasi katikati, iliyolowa epoksi vizuri.

Halafu joto. Epoksi inayokupa dakika 30 kwenye sentigredi 20 itakupa kama 15 tu kwenye 30, kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kwa mizani, asubuhi na mapema. Nyingi zinazokauka zenyewe huanza kulainika kwenye sentigredi 50 au 60, na fremu nyeusi ikianikwa jua la mchana inaweza kufika huko. Chagua aina inayoruhusu kupashwa moto baada ya kukauka, uipashe kama kopo linavyoelekeza, na fremu uipake rangi nyeupe.