Je, wajua kwa nini mche uliofungwa barabara huanguka ukifunguliwa?

Ukitaja Tanga, wengi huwaza joto la pwani na mashamba ya katani. Panda hadi Lushoto mwezi wa Juni au Julai uone: ukungu asubuhi, watu ndani ya masweta, na miche ya nyanya inayokua kwa kujikongoja. Mawingu yakipunguza mwanga, mche hurefuka kuufuata, shina likabaki jembamba. Mwenye bustani akiuonea huruma huchomeka ufito na kuukaza kwa kamba toka chini hadi juu.

Huruma hiyo ndiyo inayouponza. Imani iliyoenea ni kwamba shina likishikiliwa vizuri litatulia, linenepe, kisha lisimame lenyewe. Mambo yako kinyume: mche hunenepesha shina kwa sababu unatikiswa. Usipotikiswa, nguvu yake huishia kwenye urefu. Ndiyo maana mche unaweza kukaa wima wiki nzima kwenye ufito, ukaufungua, ukalala chini siku hiyo hiyo.

Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Mark Jaffe, alieleza jambo hili baada ya kusugua mashina ya mimea michanga kwa vidole, kidogo tu kila siku. Mingi ilikuwa mifupi na minene kuliko ile isiyoguswa. Shina likipindwa, seli zake huvutika na kalsiamu huongezeka ndani yake. Hiyo ni ishara. Baadaye mmea hutoa zaidi ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi, na ukuaji hupunguza urefu na kuongeza unene.

Fikiria mguu uliofungwa hogo. Hogo linapokatwa, paja limesinyaa, si kwa ugonjwa bali kwa kukosa kazi. Tofauti ni kwamba mguu hupoteza misuli uliyokuwa nayo. Mche uliobanwa haujawahi kujenga shina la kupoteza.

Tusikimbilie kung'oa fito zote, lakini. Katika majaribio ya Jaffe si kila aina ya mmea iliitikia. Upepo mkali huvunja, haufundishi. Nyanya iliyobeba matunda lazima iegemezwe, na maharage ya kutambaa hayana mjadala: bila mti yatatambaa ardhini.

Kwa mche mchanga, chomeka ufito siku ile ile ya kupandikiza, kabla mizizi haijasambaa, usije ukaikata. Funga mahali pamoja tu, chini ya nusu ya urefu. Kamba izunguke ufito, ipishane katikati, ndipo izunguke shina kwa umbo la nane, na kidole kipenye. Kamba ya katani inafaa kuliko ya nailoni, ambayo hukata ngozi ya shina linaponenepa. Nuru ikirudi na shina likikakamaa, legeza zaidi. Maua yakianza kugeuka nyanya, ndipo uuegemeze kwa ufito mrefu.