Mji Mkongwe kwa miguu: yanayosimuliwa vichochoroni na yanayoonekana ukutani

Anayetembezwa Mji Mkongwe wa Unguja hurudi na mambo matatu kichwani: tembo, watumwa na Freddie Mercury. Tembo hawakuwapo. Habari ya watumwa ni ya kweli, ila mara nyingi husimuliwa nusu, tena mbele ya ukuta usiohusika. Na huyo mwimbaji ameshapewa zaidi ya nyumba moja ya kuzaliwa.

Si kwamba waongoza watalii ni waongo. Wengi wao wanaujua mji kuliko sisi tunaouandika. Shida ni kwamba ziara ya saa mbili inadai hadithi fupi zenye mwisho mtamu, na mgeni naye hufurahi zaidi akisikia alichokuja kukisikia. Hadithi ikishachekesha kundi moja, kundi la kesho nalo litaipata. Hizi hapa ndizo zinazorudiwa sana.

“Misumari ya milangoni ni ya kuzuia tembo”

Hii ndiyo bingwa wao. Mwongozaji husimama mbele ya mlango wa kuchonga, hugonga msumari wa shaba kwa kucha, kisha huuliza kundi zima: “Mnajua hii ni ya nini?”

Kwa India jibu lina asili yake. Ngome za huko ziliwekewa miiba ya chuma milangoni ili tembo wa vita wasizisukume kwa vichwa. Mtindo ukavuka bahari pamoja na wafanyabiashara na mafundi, ukafika Unguja ukiwa pambo. Kisiwa hiki hakina tembo, na hata angekuwapo, angepitaje kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye makapu wanapishana kwa kubanana? Misumari ya hapa ilisuguliwa ing'are, basi. Kazi yake ilikuwa kumwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba ana uwezo.

Pana mengi ya kutazama mlangoni kuliko tembo. Angalia juu kwanza. Ukikuta boriti ya juu imenyooka, ya mstatili, yenye maandishi ya Kiarabu, mara nyingi aya ya Kurani, huo ni mtindo wa zamani zaidi, ule unaoitwa wa Kiarabu. Ukikuta upinde wa mviringo uliojaa maua na majani, huo umeathiriwa na India na ulishika kasi mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Sultani Barghash na baada yake. Milango ya Kigujarati nayo hujulikana kwa vibao vyake vya mraba, safu kwa safu, na mingi hukunjwa ili duka lifunguke lote. Halafu tazama mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana. Mchongaji alimalizia ufundi wake hapo, na ndipo macho ya wageni wengi hayafiki kwa sababu yako kwenye misumari.

“Mnyororo uliochongwa ukingoni maana yake hapa alikaa mwuza watumwa”

Mlango si daftari la biashara. Mnyororo ni nakshi iliyozoeleka na kwa kawaida husomwa kama ishara ya ulinzi wa nyumba, kama vile samaki na yungiyungi zilivyo na tafsiri zake. Tena milango huhama: huuzwa, hung'olewa, huwekwa kwenye nyumba nyingine. Kumhukumu mtu kwa ubao ambao huenda hakuununua yeye ni kazi ya bure. Ukitaka nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa ambaye hana ubishi, ipo Shangani, ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefariki mjini hapa mwaka 1905.

“Vile vyumba vya chini vya Mkunazini ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa”

Hapa ni lazima kwenda taratibu.

Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwapo. Hilo halina mjadala. Lilifungwa Juni 1873, Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza huku akitishiwa kuzingirwa na manowari zao. Kiwanja kikaingia mikononi mwa misheni ya Kianglikana, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na amezikwa mumo humo, nyuma ya altare. Mapokeo ya kanisa yanasema altare imesimama palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa.

Sasa vyumba. Viko chini ya jengo la Mtakatifu Monica, karibu na kanisa. Dari ni ya chini mno na dirisha ni kijitundu. Mgeni huingia amejikunja na kutoka amenyamaza. Lakini jengo hilo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na lilitumika kama hospitali. Wanahistoria wamehoji kwa muda mrefu simulizi ya vyumba hivi, wakisema inaelekea zaidi vilikuwa stoo za misheni.

Wapo wanaoona kusema hivi ni kupunguza uzito wa mateso. Mimi naona ni kinyume. Mtu akilia kwenye stoo leo, kesho akasoma kwamba ilikuwa stoo, atashuku na soko lenyewe. Na ushahidi wa kweli uko hatua chache tu kutoka hapo: ardhi unayoikanyaga, kumbukumbu za maandishi zilizowekwa kwenye maonyesho, na sanamu za watu ndani ya shimo, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya miaka ya 1990, wakiwa wamefungwa minyororo shingoni. Anayetaka chumba cha kificho aende Mangapwani, kaskazini mwa mji, ambako pana chumba kilichochimbwa kwenye mwamba na kinachohusishwa na biashara ya magendo iliyoendelea baada ya soko kufungwa.

Maana hilo nalo ni kosa jingine, kudhani utumwa uliisha mwaka 1873. Kilichopigwa marufuku ni kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Wala si wote waliopita Mkunazini walisafirishwa ng'ambo ya bahari. Wengi walibaki papa hapa visiwani, kwenye mashamba ya mikarafuu. Utajiri uliojenga nyumba unazopiga picha ulitoka shambani kwao.

“Ngome Kongwe ni ya Wareno”

Wareno walikuwa na kanisa mahali hapo. Ngome ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698. Karne ya 19 ikawa gereza. Yatosha.

“Mji huu ni wa miaka elfu”

Makazi ya kale Unguja yapo, na ni ya kale kweli: Unguja Ukuu ni mojawapo, na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Kwenye rasi ya Shangani pia watu waliishi zamani. Lakini nyumba za mawe unazozunguka katikati yake ni za karne ya 19 kwa sehemu kubwa, baada ya Seyyid Said, Sultani wa Omani, kuhamishia makao yake hapa kutoka Muscat. Kabla ya hapo nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Kwa hiyo unaposikia “zama za kale”, piga hesabu: nyingi zina umri wa babu wa babu yako.

Kuna kitu ambacho ningependa kila ziara ikionyeshe. Ukikaribishwa ndani, inua macho uhesabu boriti za dari. Ni miti ya mikoko, mingi yake ilitoka delta ya Rufiji, na urefu unaofaa kubeba sakafu haufiki mbali, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba kubwa za mjini ni virefu na vyembamba. Fundi aliweza kurefusha chumba apendavyo, ila upana ulikwisha amuliwa na mkoko.

Kisha nenda kalitazame Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa na Barghash mwaka 1883. Kumbi zake ni pana, na nje limezungukwa na nguzo ndefu nyembamba. Siri ni chuma kilichoagizwa kutoka nje. Watu huambiwa maajabu yalikuwa umeme na lifti, na ni kweli vilishangaza, lakini kwa fundi wa Unguja aliyezoea boriti za mita tatu, nadhani ajabu lilikuwa dari. Usitarajie kuingia bila kuuliza kwanza: sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha.

“Nyumba zinaanguka kwa sababu ni kuukuu”

Mawe ya matumbawe na chokaa hudumu sana yakitunzwa. Kinachoyaua ni maji. Paa likivuja mwaka mmoja, boriti huoza, na boriti ikioza ukuta hukosa kinachoushika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, nyumba zikagawiwa familia nyingi, chumba kwa chumba, na paa likawa la wote, yaani la hakuna mtu. Halafu ikaja plasta ya saruji, kwa nia njema kabisa. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka, lakini saruji huufungia ndani. Utauona ugonjwa huu kwa macho: chokaa kikichoka humong'onyoka kama unga, saruji hubanduka vipande vikubwa vikiwa na mawe migongoni. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe imekuwapo tangu 1985, na mji uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Paa la mtu binafsi, hata hivyo, bado linamsubiri mtu binafsi.

“Hamamni palikuwa pa kuogea Sultani”

Barghash aliyajenga mabafu yale yatumiwe na watu wa mjini.

“Hii ndiyo nyumba ya Freddie Mercury”

Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi, tena hospitalini. Jengo la Shangani lenye jina lake ni makumbusho tangu 2019 na linafaa kutembelewa. Ila ukisikia nyumba nyingine ikitajwa kona ya pili, usishangae.

“Mimi Mswahili, sina haja ya kutembezwa”

Hii ni yetu wenyewe, wageni wa kutoka bara na Kenya. Tunadhani ziara ni ya wazungu. Kupotea kweli si neno: ukitembea upande mmoja bila kuchoka utatokea baharini au Darajani. Lakini kujua lugha hakukufungulii ua wa ndani wala hakukuambii kwa nini barabara moja ina mabaraza na nyingine ina maduka chini na makazi juu. Faida yetu ni nyingine. Ukiamkia vizuri pale Jaws Corner, ukaketi na kahawa chungu, utasikia mabishano ya siasa na bao la dhumna ambayo mtalii huyapita akipiga picha. Na picha iombwe. Waliokaa barazani wako kwao.

Mwongozaji halali huwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na kumwomba kitambulisho si kumvunjia heshima. Papasi wa bandarini, yaani wale wanaodandia wageni bila leseni, huenda akajua mji vilevile, lakini njia yake huelekea duka linalomlipa.

“Historia inaishia Darajani”

Ziara nyingi hugeukia hapo. Palikuwa na mkono wa bahari, uliofukiwa karne ya 20, na upande wa pili ni Ng'ambo. Huko ndiko walikokaa watu wengi zaidi wa mji huu: wapagazi, mafundi, wavuvi, waliokuwa watumwa na watoto wao. Siti binti Saad, mwanamke aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, aliimba kwa watu wa Ng'ambo na kwenye majumba ya mawe vilevile. Michenzani, zile ghorofa ndefu za Karume zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nazo zinasimulia serikali ya Mapinduzi ilitaka mji wa namna gani. Haimo kwenye ziara ya kawaida. Mwambie mwongozaji wako mapema, kabla hamjapatana bei, kwamba unataka kuvuka kwenda Ng'ambo.